Ziwa la Rwegura: Safari ya Siku Tatu Mwanzoni mwa Kiangazi

Mkazi wa Bujumbura huishi baina ya vitu viwili vikubwa. Upande wa magharibi lipo Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Kongo iliyouinamia mji wa Uvira. Upande wa mashariki imesimama milima ya Burundi yenyewe, iliyopanda kutoka nyuma ya nyumba za mwisho za mji kama ukuta. Ziwa analijua. Huoga humo, hukaa ukingoni mwake jioni za Jumapili, na dagaa wake amewala tangu utoto. Milima huitazama tu. Akipanda huko hupanda ndani ya gari, akiwa na haraka ya kufika Gitega au Ngozi. Hushuka Bugarama kununua kabichi na karoti, hutetemeka kwa dakika tano, kisha hurudi garini na kufunga kioo.

Na huko juu liko ziwa jingine. Si kubwa, wala si la zamani. Ni ziwa la Rwegura, lililo katika milima ya Kayanza, pembeni mwa msitu wa Kibira, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Halikuumbwa pamoja na nchi. Limefanywa na watu kwa kuziba bonde la mto, ili maji yake yaendeshe mitambo ya umeme. Kituo hicho kilianza kazi mwaka 1986 kikiwa na uwezo wa megawati 18, na kwa miaka mingi hakikuwapo kingine cha nchi hii kilichokizidi. Taa nyingi zilizowaka Bujumbura, watoto wakasoma na wagonjwa wakatibiwa, ziliwashwa na maji ambayo wenye kuzitumia hawajapata kuyaona.

Familia moja ya Buyenzi iliamua kwenda kuyaona. Baba ni askari polisi aliyepita kidogo umri wa miaka 50; mama hufanya biashara ndogo ya vitambaa; na watoto waliokuwa wamebaki nyumbani ni wawili, binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 11. Hawakuwa watu wa matembezi. Katika mtaa wao mtu akionekana amebeba mzigo mgongoni huulizwa anahama au anakimbia nini. Wazo la kubeba blanketi na chakula, kupanda mlima kwa miguu, kulitazama ziwa na kurudi, lilikuwa la baba peke yake, na sababu yake alikuwa nayo moyoni.

Mwaka 1996, akiwa askari kijana, aliwekwa lindo huko Rwegura. Zilikuwa siku za vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, na nguzo za umeme zilikuwa zikiangushwa. Bwawa lile lilipaswa kulindwa usiku na mchana. Baba huyu alikaa hapo karibu miaka miwili. Kila mara alipowaeleza wanawe habari za mji kukaa gizani aliishia kwenye ziwa: jinsi ukungu ulivyolifunika asubuhi, ukang'oka polepole kama mtu anayevuta shuka. Watoto walipomwambia kwamba hawasadiki kuwa kuna ziwa juu ya mlima, kwa maana maji hukaa bondeni, alikata shauri.

Katika Afrika ya Mashariki maziwa ya milimani si machache. Juu ya Ruwenzori, nchini Uganda, yako maziwa ya Bujuku na Kitandara, chini ya vilele vya theluji. Mlima Kenya unayo yake, katika mabonde yaliyochongwa na barafu. Karibu na Tukuyu, Tanzania, Ziwa Ngozi limelala ndani ya kinywa cha volkano, na kilele cha Bisoke, mpakani mwa Rwanda na Kongo, kina ziwa dogo la mviringo kama bakuli. Safari za huko zataka fedha nyingi, pasipoti na siku nyingi. Maziwa ya kaskazini mwa Burundi, yaani Rwihinda, Cohoha na Rweru, ni mazuri kwa wapenda ndege na mafunjo, lakini hayo yako katika nchi ya chini. Askari mwenye likizo ya siku chache na mshahara wa mwezi mmoja hana mahali pa karibu zaidi ya Rwegura. Kutoka Bujumbura hadi mji wa Kayanza ni kiasi cha kilometa 95, na ziwa liko mbele kidogo ya hapo.

Jambo la kwanza kupangwa lilikuwa majira. Mvua kubwa za Burundi hukoma kwa kawaida mwishoni mwa Mei, na kiangazi, ambacho wenyeji hukiita ici, hufuata mpaka Septemba. Watu wengi hudhani kwamba kiangazi chote ni kimoja kwa msafiri. Sivyo. Anayepanda katikati ya Juni hukuta ziwa limejaa hadi ukingoni, majani ni mabichi na anga ni safi, lakini njia za mlimani bado zina utelezi, na mvua iliyochelewa huweza kumwagika bila kubisha hodi. Anayengoja hadi Agosti hukanyaga njia kavu, lakini hewa imejaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na ziwa limepungua, kwa kuwa mitambo imekuwa ikinywa maji bila mvua kuyarudisha. Ukingo huonekana uchi, wenye tope lililopasuka. Baba alitaka Juni. Mama alimkumbusha kwamba watoto walikuwa na mitihani.

Zikafuatwa tarehe nyingine. Tarehe 1 Julai ni Siku ya Uhuru, ukumbusho wa mwaka 1962, na siku hiyo askari polisi hana likizo. Aliyewahi kusimama kando ya njia ya gwaride tangu alfajiri ajua. Jumamosi asubuhi ni ya kazi za jumuiya, na magari hayaendi mpaka zimalizike. Ijumaa baba hapendi kuikosa sala ya mchana katika msikiti wa mtaani kwake. Baada ya kuhesabu huku na huku ilibaki nafasi moja: kuondoka Jumanne ya juma lililofuata Sikukuu ya Uhuru, na kurudi Alhamisi jioni. Siku tatu na usiku mbili. Bado ilikuwa mapema katika kiangazi, na maji yangekuwa hayajashuka sana.

Siku tatu hizo baba alizigawa hivi: Jumanne kufika Rwegura moja kwa moja na kulala huko, Jumatano kutwa nzima kutembea kando ya ziwa na, kwa ruhusa, kuingia msituni pamoja na kiongozi, Alhamisi kurudi. Aliliandika jambo hilo katika karatasi na kuibandika ukutani, juu ya redio. Mama aliisoma alipokuwa akifagia. Hakusema neno siku hiyo.

Usiku wa pili, watoto walipokwisha kulala, aliuliza, "Baba watoto, gari hilo linapita Kayanza?"

"Linapita."

"Basi mnapita tu."

Baba akaelewa. Kayanza amezikwa shemeji yake, mdogo wake mke, aliyekuwa naye katika lindo moja. Kijana huyo alikufa katika msitu wa Kibira mwaka 1997, akiwa na miaka 22. Vitu vyake vililetwa Buyenzi na mwenzake wa lindo, ambaye baadaye ndiye aliyekuja kuwa mume wa dada yake. Ndoa nyingine huanzia katika matanga. Zamani zile barabara haikuwa ya kwendwa na raia kwa amani, na dada mtu hakuhudhuria maziko. Kisha yakaja makubaliano ya Arusha ya mwezi wa Agosti mwaka 2000, bunduki zikanyamaza moja baada ya moja katika miaka iliyofuata, barabara ikawa salama, na bado hakwenda. Kwanza palikuwa na mtoto mchanga, kisha biashara, kisha mtoto mwingine. Mwisho ikawa ni jambo lisilotajwa. Watoto walijua kwamba walikuwa na mjomba. Walipozikwa mifupa yake hawakujua.

Karatasi ya ukutani ikaondolewa na kuandikwa upya. Jumanne sasa ikawa ya Kayanza: kufika, kuzuru kaburi, kulala hapo kwa mwalimu mmoja aliyewahi kukaa Buyenzi. Jumatano kwenda Rwegura na kupanda kwa miguu mpaka ziwani, na kulala kwa mzee mmoja mfanyakazi wa chai, rafiki wa baba wa siku za lindo. Alhamisi kulitazama ziwa alfajiri na kurudi. Kilichotupwa nje ni msitu. Mvulana alinung'unika, maana alikuwa ameahidiwa sokwe; baba mwenyewe alijikuna kichwa kwa muda mrefu, kwa kuwa ziwa alilokuwa akilisimulia kwa miaka yote hiyo sasa lingepewa jioni moja na asubuhi moja. Lakini mama hakuwa tayari kuingia katika msitu ule, naye hakulazimishwa kueleza.

Hata hivyo haifai mtu apite kando ya Kibira pasipo kuujua. Zamani ulikuwa msitu wa mawindo wa wafalme wa Burundi. Katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Wabelgiji, ulifanywa hifadhi ya serikali. Na tangu mwaka 1980 umo katika hesabu ya hifadhi za taifa. Eneo lake ni kiasi cha hekta 40,000, nao umeungana na msitu wa Nyungwe wa upande wa Rwanda. Wamo sokwe na aina kadhaa za nyani na kima. Umekalia mgongo wa nchi, ule unaogawa maji ya Afrika. Tone la mvua likianguka mteremko wa mashariki hushika njia ya Ruvubu na Kagera, likaingia Ziwa Viktoria na mto Naili, na mwisho wake ni Bahari ya Mediteranea. Tone la jirani yake likianguka mteremko wa magharibi hushuka Rusizi, likaingia Tanganyika, likatoka kwa mto Lukuga kwenda Kongo na Bahari ya Atlantiki. Bujumbura hupata kiasi cha milimita 800 za mvua kwa mwaka. Huko juu hupatikana karibu mara mbili ya hizo. Msitu huyapokea maji hayo, huyashika katika mizizi na majani yaliyooza, na kuyaachia kidogo kidogo. Bila msitu, mto ungefurika Aprili na kukauka Agosti, na bwawa lingejaa udongo.

Hayo ndiyo baba aliyowaeleza watoto walipouliza tena kwa nini maji yakae mlimani. Alichukua bakuli la maji, akalimwaga kutoka kimo cha shubiri moja juu ya kiganja cha mvulana, kisha akapanda juu ya kigoda na kumwaga tena. Mara ya pili kiganja kiliyumba. Mama alilalamikia sakafu, lakini somo liliingia.

Ruhusa nazo hazikuachwa nyuma. Anayetaka kuingia hifadhini humwona mwenye mamlaka ya hifadhi kwanza, na hupewa kiongozi. Hata asiyeingia, kama familia hii, yampasa kuwauliza wenyeji na wakuu wa mahali juu ya hali ya usalama kabla ya kuondoka, kwa kuwa msitu huo umewahi kuwaficha watu wenye silaha, wala si katika miaka ya vita tu. Baba alipiga simu Rwegura mara mbili, mara moja wiki moja kabla na mara moja siku moja kabla. Kila mtu mzima alichukua karangamuntu yake. Wenyeji waliarifiwa mapema ili majina ya wageni yaandikwe katika kitabu cha nyumba, maana haipendezi kumgongesha mwenyeji na mkuu wa kilima kwa sababu ya wageni wanne wasiojulikana. Sehemu za mitambo, kama inavyojulikana, hazipigwi picha bila idhini. Baba alilisema hili mara tatu, akimtazama binti na simu yake.

Sasa mzigo. Hapa ndipo wakazi wa pwani ya ziwa wanapokosea. Mtu aliyezoea joto la Bujumbura, kwenye mita 770 hivi, hadhani kwamba kila anapopanda mita 1,000 hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi. Usiku wa Julai huko Rwegura huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Mwenyeji hawezi kuwa na mablanketi ya kuwatosha watu wanne zaidi ya wake. Kwa hiyo kila mmoja alipewa blanketi moja la sufu, sweta, soksi nene jozi mbili na kofia ya kufunika masikio. Makoti ya mvua yaliingia pia, ingawa ni kiangazi, na turubai moja jepesi lililoazimwa kwa jirani fundi wa magari. Chandarua nacho kiliongezwa. Watu wengi husema milimani hakuna mbu. Lakini mwaka 2000 na 2001 malaria ilizuka vibaya katika nchi hizo za juu, Kayanza, Ngozi na Karuzi, na wengi wa walioshikwa walikuwa watu wasiokuwa na mazoea nayo.

Chakula kilikuwa kazi ya mama, naye alikifanya kwa akili. Maharage makavu aliyakataa. Kwenye kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, na maharage ambayo Buyenzi huiva kwa saa mbili huko hula kuni nusu siku. Kuwasha moto ovyo kando ya msitu pia si ruhusa. Basi alichukua dagaa wakavu waliokaangwa tayari kwa chumvi na pilipili, karanga, unga wa muhogo wa kusonga ugali, maandazi magumu ya kukaa siku tatu, chai, sukari na tangawizi. Mboga na viazi vingenunuliwa Bugarama, ambako ni rahisi na vibichi. Kwa kila mwenyeji alifunga kilo mbili za dagaa, kwa kuwa zawadi ya mtu wa ziwani kwa mtu wa mlimani haijabadilika tangu zamani.

Shanta ya baba, ile ya jeshi aliyoitunza juu ya kabati, ilipelekwa kwa muuza dagaa ili ipimwe kwenye mizani. Kilo 23. Muuza dagaa akauliza kama bwana anahamia huko. Ikafunguliwa kibarazani mbele ya majirani, jambo lililomwondolea baba heshima kidogo: ikatoka sufuria kubwa, ikatoka pasi ya mkaa ambayo hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyeitia, ukatoka mpira wa mvulana, zikatoka tochi tatu za watu wanne. Ilipopimwa tena ilikuwa kilo 14. Kanuni nzuri ni kwamba mtu asiye na mazoezi asibebe zaidi ya sehemu moja katika tano ya uzito wake, na mtoto apungukiwe zaidi. Mama alibeba kilo 8, binti 6, mvulana 4, na katika hizo 4 mpira ulirudi kwa siri, ukiwa umetolewa upepo.

Viatu vilinunuliwa katika mitumba ya soko la Ruvumera, majuma matatu kabla. Majuma hayo matatu hayakuwa ya bure: kiatu kisichozoeleka humtoa mtu malengelenge kabla ya kilometa ya tano, na malengelenge hayajali cheo. Watoto waliamriwa kuvivaa hata wakienda dukani. Tena kila Jumapili alfajiri familia ilitoka na mizigo yake, ikakatiza mji mzima na kupanda mpaka kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, lililo juu ya mlima unaoutazama mji. Watu wa Buyenzi wana sababu ya kulipenda kaburi hilo, kwa kuwa babu zao walikuwa miongoni mwa waliosimama naye mapema katika harakati za uhuru, kabla hajauawa tarehe 13 Oktoba mwaka 1961. Jumapili ya kwanza walipumzika njiani mara saba. Ya tatu, mara mbili. Kutoka hapo mvulana aliweza kuionyesha mitaa ya Buyenzi, iliyonyooka kama mistari ya daftari.

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, walikuwa kwenye kituo cha mabasi cha kaskazini. Upungufu wa petroli ulioisumbua nchi katika miaka ya karibuni umefundisha watu kufika mapema na kutouliza gari litaondoka saa ngapi. Liliondoka saa mbili. Barabara hupanda mara moja, bila kumwandaa mtu. Masikio huziba, na kila kona mji huonekana mdogo kuliko kona iliyopita. Vijana wa baiskeli walikuwa wakivutwa mlimani wameshika malori kwa mkono mmoja, na wengine wakiteremka na mizigo ya ndizi kwa kasi ya kutisha. Watoto walishangilia. Baba, kwa jicho la kazi yake, alinyamaza. Bugarama walinunua viazi, karoti na kabichi moja, na mama akawa wa kwanza kuvaa sweta.

Kaburi halikupatikana upesi. Miti iliyokuwapo imekatwa, mingine imepandwa, na baba alilazimika kumwuliza mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi. Mama alikaa chini ya jua la saa nane bila kivuli. Waliomba dua. Binti, ambaye kwa kawaida ana maneno mengi, alianza kung'oa majani yaliyoota juu ya kaburi bila kuambiwa, na mvulana akamfuata. Walikaa muda uliozidi kiasi walichopanga, hivyo ugali wa jioni uliliwa usiku, kwa taa, nyumbani kwa mwalimu.

Siku ya pili gari dogo liliwapeleka sehemu ya njia, na iliyobaki waliitembea. Upande huu na huu ni chai, iliyokatwa usawa kama zulia, yenye wachumaji waliovaa vikapu migongoni. Rwegura ni mojawapo ya viwanda vitano vya Ofisi ya Chai ya Burundi, iliyoundwa mwaka 1971. Juu ya chai husimama msitu, ghafla, kijani cheusi. Mazoezi ya Jumapili yalionekana faida yake, ingawa hewa nyembamba iliwakata pumzi wote, na baba zaidi ya wengine, naye alidai kwamba anasimama ili kuangalia mandhari. Njia ilikuwa bado na tope katika vivuli. Mvulana alianguka mara mbili. Saa kumi jioni walivuka mgongo wa mwisho, na ziwa lilikuwa chini yao, refu, limejipinda baina ya vilima kama mtu aliyelala ubavu, maji yake meusi upande wa msitu na ya fedha upande wa jua. Alama ya maji kwenye ukingo ilionyesha kwamba yalikuwa yameshuka kiasi cha urefu wa mkono tu.

Mvulana alitazama kwa muda. "Kumbe ni kweli," akasema, kisha akaomba maandazi.

Usiku walilala wanne wamesongamana katika chumba kimoja cha mzee wa chai, wamejifunika mablanketi yote manne kwa pamoja, na bado binti alivaa kofia. Kabla ya alfajiri baba na mama walitoka peke yao. Ukungu ulikuwa umejaa bonde lote, hata haikujulikana ziwa linaanzia wapi. Walisimama karibu na mti mmoja mpaka ulipoanza kung'oka, kwanza katikati, kisha kando kando, na sauti ya kwanza iliyosikika ilikuwa ya kima kutoka ng'ambo.

"Lindo lenu lilikuwa wapi?" mama aliuliza.

Baba akanyosha mkono kuonyesha kilima cha ng'ambo ya maji, mahali ambapo sasa pamekuwa majani matupu.

"Na yeye alikuwa akichota maji wapi?"

"Pale chini, penye jiwe. Kila asubuhi. Alikuwa akiimba, tukimkataza."

Mama alilitazama jiwe lile mpaka ukungu ulipokwisha kuondoka juu yake. Kisha akajikaza kanga juu ya sweta.

"Twende tukachemshe chai," akasema. "Watoto wataamka na njaa, na gari la kurudi halingoji mtu."